Televisheni Tuliyoiamkia

Wiki iliyopita togwa, kinywaji chetu cha uji wa ulezi, ilifurika kutoka kwenye sufuria yangu ikamwagikia koili ya jiko la umeme. Moshi mwembamba ulipanda, na harufu ya ulezi unaoungua juu ya chuma cha moto ikajaa jikoni. Nilizima jiko, nikachukua kitambaa, lakini sikufuta. Nilisimama pale nikinusa. Harufu ile nilikuwa nimeinusa mara moja tu maishani, nikiwa darasa la pili, nyumbani kwetu Sumbawanga, na siku hiyo haikutoka jikoni. Ilitoka sebuleni, nyuma ya televisheni.

Tuliishi nyuma ya maduka ya Majengo. Mama alikuwa na kibanda cha vitenge, Baba alipima mahindi kwenye ghala. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa sebule ya wakati ule: televisheni yenye kisogo kirefu juu ya meza, deki ya CD chini yake, redio ya spika mbili pembeni, na kila kimoja kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Soketi ilikuwa moja kwa chumba kizima. Kwa hiyo nyuma ya meza, sakafuni, ilikaa ekstensheni yenye matundu manne na taa ndogo nyekundu, na nyaya zote ziliishia hapo. Ukiinama karibu ulisikia kitu kikivuma kwa mbali. Kisogo cha televisheni kilitoa joto lenye harufu ya vumbi, na miezi ya baridi, upepo ulipopita chini ya mlango, mimi na mdogo wangu tulikuwa tukijibanza huko.

Mdogo wangu ni Pius. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na hakuna kitufe alichokiacha. Alipandisha sauti ya redio mpaka majirani wakaita. Alitumbukiza rimoti kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Haya yote yalichekesha, mpaka siku Mama aliporudi kutoka kibandani akakuta kijiko cha chai kimesimama wima ndani ya tundu la ekstensheni, na Pius amekaa mbele yake akikitazama. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Mama alichomoa waya ukutani, akachomoa kijiko, akakaa sakafuni na mkoba wake bado begani.

“Ungekuwepo umeme,” alisema.

Hakumalizia. Siku hiyo aliyarudia maneno hayo mara tatu, na kila mara aliishia hapo hapo. Mimi niliyamalizia mwenyewe kichwani: ungekuwepo umeme, tungeangalia katuni.

Kuanzia hapo nyumba yetu iliingia vitani. Baba aliinua meza kwa matofali. Pius akavuta kigoda. Mama alibandika plasta kwenye matundu ya ekstensheni. Pius akazibandua moja moja akazibandika kwenye paji la uso. Baba aliifunika ekstensheni kwa ndoo na kuweka jiwe juu, lakini jioni ndoo ilikuwa ya moto na imeanza kunuka, ikabidi iondolewe. Mwisho Mama alisaga pilipili akapaka kwenye vitufe. Ile pilipili haikumkamata Pius hata mara moja. Ilimkamata Baba, aliyepandisha sauti ya taarifa ya habari kisha akajifikicha jicho.

“Nani kaweka pilipili kwenye rimoti?”

“Si nilikuambia asubuhi?” Mama alijibu kutoka uani.

“Uliniambia deki! Rimoti hukusema!”

“Kwani mwanao anabonyeza deki tu?”

“Maji! Yustina, lete maji!” Nami, Yustina, nikakimbilia birika. “Sio hayo ya moto!”

Pius alimtazama baba yake akirukaruka, akampigia makofi.

Wiki hiyo hiyo Baba alituma ujumbe Kaengesa kwa mama yake.

Bibi alikuja na debe la ulezi, ungo wake, na rozari shingoni. Kama mabibi wote, aliniita mke mwenzangu na Pius akamwita mume wangu. “Mke mwenzangu,” aliniuliza kabla hata hajakaa, “nasikia mume wetu anataka kujichoma moto, na wewe unamwangalia tu. Ni mke gani wewe?” Nilijibu kwamba mimi niko shule. “Aha. Basi nimekuja kushika zamu.”

Siku ya kwanza alikaa kwenye kona ya sebule akichambua ulezi na kumtazama Pius. Mama alikuwa amechomoa waya kila mahali. Bibi hakumzuia mtoto kitu. Aliangalia anaanzia wapi, anarudi wapi, anasimama kwa muda gani. Jioni, tukila, ndipo aliposema.

“Mnamwekea vizuizi kama mbuzi. Mbuzi ukimjengea uzio, kazi yake yote inakuwa ule uzio.”

“Tufanyeje sasa, Mama?” Baba aliuliza. Jicho lake bado lilikuwa jekundu.

“Wageni wakija, huyu huwa anafanyaje?”

Ni kweli. Wageni wakija Pius alikuwa mtoto mwingine. Kwetu Ufipa mtoto hamfikii mkubwa akanyoosha mkono. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, anaamkia, anasubiri kuitikiwa, kisha anakaa kando mpaka aitwe. Pius alikuwa hajui kusema maneno kumi, lakini hilo alilijua.

Kesho yake asubuhi Bibi alikifunua kitambaa cha televisheni, akachuchumaa mbele yake, Pius ubavuni. Alipiga makofi, akasalimia kwa Kifipa, kirefu, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu: “Shikamoo, Babu.” Halafu akajiitikia mwenyewe. Hakutumia sauti yake. Ilitoka chini kooni, ikaanza na kikohozi kidogo: “Marahaba, wajukuu. Kaeni.”

Baba alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe mezani.

“Mama,” alisema.

“Nini?”

“Hiyo sauti.”

“Sauti gani? Kunywa chai yako uende kazini.”

Hakuimaliza ile chai. Niliona, kwa sababu tayari nilikuwa na tabia ya kuona nani amebakiza nini.

Ilifanya kazi. Siku ya tatu Pius aliingia sebuleni mwenyewe, akachuchumaa, akasema “Kamoo Babu,” akarudi nyuma hatua moja na kukaa. Hakugusa kitufe. Jirani yetu, Mama Deo, alikuja kushuhudia akashika mdomo. “Hii nyumba, jamani! Kwenu televisheni inaamkiwa, kwangu hata mwenye nyumba haamkiwi!” Mama alicheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu siku ya kijiko, na kesho yake nyaya zote zikarudishwa kwenye ekstensheni.

Sasa nieleze mimi nilielewa nini. Babu yangu, mume wa Bibi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa watu wazima hilo lilikuwa wazi. Mimi siku za msiba niliachwa kwa Mama Deo kwa sababu ya shule, na waliporudi hakuna aliyeniambia kitu, kwa kuwa mambo hayo watoto hawaambiwi. Nilichojua ni kwamba Babu yuko Kaengesa na Bibi. Bibi sasa amehamia kwetu. Mwanamke mzee hamwachi mume wake peke yake na kuku. Na kila asubuhi Bibi anamsalimia Babu sebuleni, na Babu anaitikia kwa kikohozi. Sikuona kitu cha ajabu, ila niliona kwamba mambo mawili yamepata maelezo: lile joto nyuma ya televisheni, na ule mvumo.

Pius alifika mbali zaidi yangu. Alikuwa ameona kwamba mkubwa akishaamkiwa huletewa chakula. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya deki, akisukuma kitonge cha ugali kwenye ule mdomo wake mwembamba wa kuwekea CD. Alikisukuma kwa kidole kimoja, kwa heshima, kisha akachuchumaa akapiga makofi.

Niliangalia mle ndani. Kitonge kilikuwa kimekaa gizani. Kesho yake nilipotoka shule niliangalia tena. Hakikuwepo.

Niseme ukweli: sikunyamaza kwa kuogopa. Nilinyamaza kwa sababu ningesema, wangesafisha, na nisingejua mwisho wake. Nilichukua daftari langu la hesabu, nikageuza upande wa nyuma, nikapiga mistari kwa rula. Ugali: amekula. Maharage mawili: amekula. Samaki mgebuka, kipande cha mkiani: amekula, amebakiza mwiba. Kabichi: amebakiza. Kabichi tena, siku ya pili: amebakiza. Nilifurahi, maana Baba naye alikuwa hali kabichi, na Mama husema amerithi kwa baba yake. Deki ilianza kukwama. Baba alilaumu CD za kukodi. Nami niliandika: Mchana akishiba hataki kucheza.

Hivyo ndivyo tulivyofika Jumamosi ile. Mama alikuwa kibandani, Baba ghalani, Bibi uani akipepeta ulezi. Umeme ulikuwepo, redio ikiimba kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimekaa na daftari langu pembeni ya meza. Pius aliingia ameshika kikombe chake cha plastiki kwa mikono miwili, kimejaa togwa, akitembea kama anayebeba mayai.

“Babu maji,” aliniambia. Kila kinywaji kwake kilikuwa maji.

Aliamkia. Akautazama mdomo wa deki, akaona kikombe hakiingii. Akazunguka nyuma ya meza. Pale chini ekstensheni ilikuwa na taa yake nyekundu, matundu matatu yamezibwa na plagi, moja liko wazi.

Sheria niliijua. Mama alikuwa ameirudia mara nyingi: usiguse umeme na mikono yenye maji. Lakini nilivyoielewa, sheria ile ilihusu mikono. Kuhusu mzee mwenye kiu haikusema kitu. Na nilitaka sana kuona. Kilichoninyanyua ni daftari: kinywaji hakikuwa na mstari wake, nami sikupenda kuandika kitu kipya bila kuuliza kwanza.

“Subiri, Pius. Usimpe bado. Nimuulize Bibi kama anapenda.”

Nilitoka nikaenda uani. Sikukimbia. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo unapanda na kushuka, makapi yakienda na upepo.

“Bibi, Babu anapenda togwa?”

Ungo haukusimama. “Babu yako? Togwa ya kwangu alikuwa haachi hata tone. Akimaliza anatia kidole kwenye kibuyu.”

“Hata sasa?”

“Hata sasa ningempelekea angekunywa.”

“Basi niandike. Pius ameshampelekea.”

“Wapi?”

“Nyuma ya meza. Kwenye tundu lililobaki.”

Sijawahi kuona mtu mzee akiinuka vile. Ungo uliruka, ulezi ukamwagika mkeka mzima na kwenye udongo, na Bibi alikuwa mlangoni kabla mimi sijageuka. Alimwita Pius kwa jina. Kisha nikasikia mlio, mfupi, kama mtu amevunja ubao kwa goti. Redio ikanyamaza.

Nilipofika, chumba kilikuwa na moshi na ile harufu. Pius alikuwa amekaa chini ukutani, mbali kidogo na meza, miguu imenyooka, kikombe bado mkononi. Midomo yake ilikuwa imefunguka bila sauti. Bibi alimnyakua, akamtingisha, akamgeuza, akamtazama viganja, akamtazama nyayo. Na Pius bado hakutoa sauti. Sijui ilikuwa muda gani. Nilihesabu mpaka nne, na kwa mara ya kwanza nikaelewa Mama alishindwa kumalizia nini.

Kisha akalia. Alilia kwa nguvu zote, na Bibi akakaa sakafuni naye, akaanza kulia pia, huku anasema, “Lia, baba. Lia tu. Lia.”

Hakuwa ameungua popote. Cheche zilimrusha kwa woga tu, na fyuzi ya nyumba ilikata mara moja. Togwa iliyobaki ilikuwa inachemka na kukauka kwenye plastiki iliyoyeyuka.

Mama na Baba waliporudi, jua bado lipo, Bibi aliwangojea mlangoni. “Kosa ni langu,” alisema. “Mimi ndiye niliyemwambia humo kuna mtu.” Baba aliingia ndani akaiinamia ekstensheni. Mama yake mtu hakaripiwi. Nikaona kwamba Bibi atabeba jambo ambalo sehemu yake ni yangu, nikaenda kuchukua daftari nikampa Baba, limefunuliwa upande wa nyuma.

Alisoma amesimama dirishani. Alisoma yote. Kwenye kabichi alisita, akanitazama, akaendelea.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu ugali.”

“Na hukusema.”

“Nilikuwa nataka kujua anakula vipi.”

Baba hakunipiga. Alichukua bisibisi, akaiweka deki juu ya meza karibu na dirisha, akafungua skrubu zake moja baada ya nyingine, akaniita. “Njoo uone basi. Umetaka kujua.” Aliinua mfuniko. Ndani, katikati ya nyaya, kulikuwa na kiota cha nyuzi nyeupe zilizong'atwa kutoka kwenye vitambaa vya Mama, na ndani ya kiota panya wachanga watano, wekundu kama vidole, macho hayajafunguka. Pembeni palikuwa na kabichi iliyokauka.

Niliwatazama kwa muda mrefu. Jibu lilikuwa zuri, lilieleza kila mstari. Ila liliniachia swali moja kubwa kuliko yote, nalo sikuthubutu kumuuliza mtu yeyote chumbani mle.

“Mama,” Mama alimwambia Bibi, taratibu, “Pius angekufa.”

“Najua,” Bibi alijibu. “Nitamwambia.”

Mimi nilidhani ana maana ya kumwambia Pius habari za ekstensheni.

Jumatatu tulivipeleka vitu kwa fundi. Baba aliifunga televisheni kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akawa anaikokota. Bibi alibeba deki kichwani. Mimi nilimshika Pius mkono, na Mama alikuwa amempa biskuti ili atulie njiani. Kila baada ya nyumba chache alimega kidogo, akatembea.

Fundi alikuwa kijana mmoja mwenye kibanda cha mabati pale Majengo. Ndani, kutoka sakafuni mpaka darini, kulikuwa na redio, deki na televisheni, nyingi zimefunguliwa migongo, nyingine zinawaka, nyaya zimeanikwa kama utumbo. Pius alisimama kizingitini. Nadhani hakuwahi kuona wakubwa wengi namna ile wamekaa pamoja. Aliuachia mkono wangu, akachuchumaa mbele ya redio ya kwanza, akapiga makofi.

“Kamoo.” Akasogea kwa ya pili. “Kamoo.” Akasogea tena.

Fundi alicheka. “Shikamoo, Bibi. Huyu dogo ana adabu kuliko wateja wangu wote! Wao wakifika ni matusi tu, lini utamaliza, lini utamaliza.”

Hakuna aliyecheka naye. Pius alikuwa amefika kwenye televisheni isiyo na mgongo, taa zake za ndani zinameta. Aliitazama. Akachukua kipande cha biskuti kilichobaki, akanyoosha mkono.

Bibi alikuwa ameshatua deki. Alimshika kifundo cha mkono, akachuchumaa naye uso kwa uso. Nilisikia magoti yake yakilia.

“Pius,” alisema. Hakusema mume wangu. “Humu hakuna Babu. Unanisikia? Kwenye vitu hivi vyote hamna Babu.”

Pius alimtazama, akaitazama televisheni.

“Babu alikufa,” Bibi alisema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. “Tulimzika Kaengesa. Mimi nilikuwepo.”

Baba alikuwa ameikumbatia televisheni yetu, hajapata pa kuitua. Alisimama hivyo hivyo. Fundi aliinama akapunguza sauti ya redio yake.

“Kaenda?” Pius aliuliza.

“Kaenda.”

Pius alifikiri. Alikiangalia kile kipande cha biskuti, ambacho sasa kilikuwa hakina mwenyewe. Kisha akakiingiza kinywani mwa Bibi, kwa kidole kimoja, taratibu. Bibi alibakiwa na meno machache, na vitu vitamu hakuvipenda. Alikitafuna mpaka kikaisha, bado amechuchumaa pale sakafuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ainuke.